Kimya Barazani kwa Fundi Leodegari

Mitumba ilipoanza kumwagwa sokoni Songea kwa marobota, Fundi Leodegari alisema ni upepo tu, utapita. Haukupita. Nani ashoneshe suruali wakati suruali ya Ulaya imelala kwenye turubai, ina zipu na mifuko kila upande, na bei yake ni ya kutupa? Fundi aliyekuwa akiwavisha maharusi wa mtaa mzima wa Mfaranyaki akabaki mtu wa kupunguza urefu na kubana viuno. Hata hivyo kila asubuhi alitoa cherehani yake barazani akaikanyaga, kitambaa kiwepo kisiwepo, maana mwanamume kukaa barazani mikono mitupu ni aibu.

Pembeni yake mkewe, Notburga, aliuza chai na vitumbua. Wateja walijaa, wakabishana habari za vyama vingi na bei ya mbolea, wakacheka hadi chai ikamwagika. Juu ya vichwa vyao, chini ya bati, mbayuwayu walikuwa wamejenga kiota cha tope.

Mwaka uliotangulia vijana wa mtaani walikidungua kiota kama hicho kwa manati, na Leodegari aliumia kuliko alivyotaka watu wajue. Binti yao Renatha alikuwa Peramiho akisomea uuguzi. Wenye suruali hawakumhitaji tena. Katika mji mzima, wale ndege ndio viumbe pekee aliowaona wako chini ya ulinzi wake, akajiapiza kwamba safari hii vifaranga wataruka.

Hapo ndipo ikaja semina. Miaka ile semina zilikuwa nyingi kuliko mvua. Mwenyekiti wa mtaa aliumwa jino akamtuma Leodegari, naye akarudi jioni na kofia mpya, soda tumboni, na elimu kichwani.

"Mama Renatha, tunawaua wale ndege," alisema kabla hata ya kuvua viatu. "Mtaalamu kasema ndege wa mjini wanashindwa kulea kwa sababu ya bughudha zetu sisi binadamu."

"Alisema mbayuwayu?"

"Alisema ndege. Kwani mbayuwayu ni mbuzi?"

Mtaalamu wa watu alikuwa akizungumzia ukataji wa miti kando ya mito. Leodegari hakuwa na mto wala mti. Alikuwa na baraza, basi semina akaitekeleza barazani. Cherehani ikahamia uani. Meza ya chai ikapigwa marufuku. Kamba ya katani ikafungwa nguzo hadi nguzo, na juu yake likaning'inizwa boksi lililoandikwa kwa mkaa: KIMYA. NDEGE WANALEA.

Notburga hakugombana. Alibeba meza na jiko lake akahamia baraza ya jirani, kwa Skolastika, mjane ambaye redio yake iliamka kabla ya jogoo. Wateja wakafuata vitumbua. Walipopita kwa fundi walinyata na kuvua kofia kama watu waliofika msibani.

"Shikamoo fundi," vijana walimnong'oneza. "Mzazi anaendeleaje?"

Leodegari aliwajibu kwa kidole mdomoni. Wacheke tu. Alikaa nyuma ya dirisha akiwatazama ndege wakileta wadudu, na vifaranga walipoanza kulia alisikia kila mlio, kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kusikia. Alifurahi mno.

Kunguru naye alisikia.

Alikuja mchana kweupe, Leodegari akiwa uani anakunja pindo la suruali ya mtu. Miaka yote kunguru waliishia kwenye mkaratusi ng'ambo ya barabara. Nani angesogea penye watu wanaorusha mikono na cherehani inayonguruma? Sasa huyu akatua kwenye kamba, akageuza shingo huku na huku, akaona pamepoa. Leodegari alipotokea mbio, akipiga kelele zote alizozizuia wiki nzima, kiota kilikuwa kimepasuka na kifaranga wa mwisho alikuwa mdomoni mwa kunguru. Mbayuwayu walizunguka wakilia. Yeye naye alilia, na hakuona haya.

Baada ya siku chache ndege wale wakaanza tena kubeba tope. Walijenga kwa Skolastika, juu kabisa ya meza ya chai. Leodegari alisimama kwake akawatazama, na alivyoelewa taratibu ndivyo alivyoumia. Walikuwa wakimhitaji kweli. Walimhitaji akishona.

Akafungua kamba, akavuka.

"Mama Renatha, rudi nyumbani na meza yako."

Notburga aligeuza kitumbua, akatazama juu. "Na hao nimwachie nani? Wateja wakinifuata, hapa patabaki patupu. Kunguru si atawamaliza tena?"

Leodegari akamgeukia mwenye nyumba. "Basi shemeji, nipe kapembe hapo niweke cherehani yangu. Nishone karibu nao."

Skolastika aliweka kikombe chini. Alimwangalia kwa huruma ya kweli.

"Ningependa, shemeji. Lakini redio wameikuta ikiimba, na watu wamewakuta. Cherehani kwao itakuwa kitu kigeni. Wewe mwenyewe si ndiye uliyetufundisha habari za bughudha?"

Hakuwa akitania. Katika mtaa mzima, huyo ndiye peke yake aliyekuwa amemwamini.