Sahihi ya Boneti

Nakaale alikuwa ofisa wa ununuzi katika kampuni moja ya ujenzi pale Isiolo mjini, na kama kuna kazi ya kumzeesha mtu bila hata kubeba jiwe, ni hiyo. Simenti isipofika, ni Nakaale. Misumari ikija mifupi, ni Nakaale. Mchanga ukiletwa na mavi ya mbuzi ndani, mafundi wanamtafuta Nakaale kana kwamba yeye ndiye mbuzi mwenyewe. Miaka mitatu alivumilia yote hayo, akafokewa na akazoea, wala hakuwahi kuiogopa kazi yake mpaka ile Alhamisi, saa moja asubuhi, akinywa chai kwenye yadi ya kampuni.

Aliyemharibia chai ni Umuro, mpakiaji mizigo. Alikuwa anapiga stori na mlinzi getini, hana habari na mtu.

"Chuma ya siku hizi ni tambi," Umuro akasema. "Ile ya bweni la Kulamawe tuliikunja watu wawili tu. Wawili! Mimi na Diba, na Diba mwenyewe mgongo unamuuma."

Mlinzi akacheka. Nakaale hakucheka. Aliweka kikombe chini ya benchi, akakisahau hapo.

Chuma za kujengea huja ndefu, mita kumi na mbili, na lori halina urefu huo. Kwa hivyo kabla ya kupakiwa hukunjwa katikati. Sasa, chuma ya milimita kumi na sita, kama ile iliyoagizwa kwa bweni, haikunjwi na watu wawili wakichekeshana. Ni wanaume wanne, jasho, na matusi ya kutosha. Nakaale alilijua hilo vizuri, maana amewasikia wakitukana tangu siku yake ya kwanza kazini.

Kipande kimoja cha mzigo ule kilikuwa kimebaki. Mlinzi alikuwa anakitumia kuzuia geti lisipigwe na upepo. Nakaale akakinyakua, akaingia ofisini, akafungua droo na kutoa kipimo cha unene wa chuma. Kipimo chenyewe kilikuwa bado ndani ya nailoni yake, hakijawahi kufunguliwa tangu kinunuliwe. Aibu gani hii, jamani! Akairarua nailoni kwa meno, akapima. Milimita kumi na nne, na wala haikufika vizuri. Akapima tena upande wa pili. Kumi na nne.

Na bweni lile la shule lilikuwa la ghorofa. Wasichana wangelala chini, wengine wangelala juu yao, vitanda, masanduku na magodoro, yote yakishikiliwa na slabu, ile sakafu ya zege ya juu, yenye chuma hiyo. Na slabu ilikuwa inamwagwa leo.

Hapo ndipo alipoikumbuka ile karatasi. Chuma ziliuzwa na Mbugua, mzee wa kanisa lao, mtu aliyemwombea Nakaale kazi hii kwa mdomo wake mwenyewe. Lori lilipopakiwa, wiki mbili nyuma, Mbugua aliitandaza karatasi ya kupokea mzigo juu ya boneti, injini ikinguruma. "Saini tu, mwanangu," akasema. "Mvua inanyesha huko mbele. Dereva wenu Lodio avuke laga, ule mto mkavu, kabla haujajaa maji." Pale mjini kila mtu husaini hivyo, kwa boneti, kalamu ya dereva, upepo ukivuta karatasi. Nakaale akasaini. Hakupanda lori, hakugusa chuma hata moja. Na juu ya sahihi yake palikuwa pamechapwa maneno matatu: Nimekagua na kupokea.

Akampigia Isacko, foromani anayesimamia ujenzi kule Kulamawe. Mteja hapatikani. Akapiga tena. Hapatikani. Akamwita Lodio, dereva, aliyekuwa anafuta kioo cha pikapu.

"Twende Kulamawe. Sasa hivi."

"Dada, sijakunywa chai."

"Lodio, usinichezee leo!"

Lodio akamtazama usoni, akaingia kwenye gari.

Walikuwa hawajatoka mjini vizuri simu ikalia. Ni Kahiga, mwenye kampuni. Mlinzi alikuwa ameshampasha habari, maana walinzi nao!

"Unaenda wapi na gari yangu?"

Nakaale akamweleza.

Kahiga akamkatiza. "Sikia, Nakaale. Nyumba ngapi ziko hapa Isiolo na chuma ya Mbugua? Umeona gani imeanguka? Injinia alipita jana, akaona ni sawa."

"Injinia aliona karatasi, bosi."

"Na karatasi iko na sahihi ya nani?" Hakungoja jibu. "Ukisimamisha hiyo slabu, mimi sitaulizwa. Wewe ndiye utaulizwa ulipokea nini. Geuza gari."

Lodio alisikia yote. Akapunguza mwendo bila kuambiwa, akangoja. Nakaale alikuwa anajua anachopoteza. Huyu ndiye mtoto wa kwanza kwao kupata kazi ya mwezi, mama yake anajivunia mpaka majirani wamechoka kusikia. Akimwaga unga leo, na jina lake likaharibika, ni nani tena atampa kalamu ashike? Alitamani kugeuza. Alitamani sana, wala tusimsingizie utakatifu.

"Mbona unatembea kama kobe?" akamwambia Lodio. "Kanyaga mafuta!"

Siku ya slabu ni kama harusi. Huwezi kukosa kuijua. Walipofika, mbuzi wawili walikuwa wameshachinjwa, dua imeshaombwa, na Isnino, mpishi, alikuwa anakoroga sufuria la pilau kwa mwiko wa urefu wa jembe. Vibarua karibu sitini walikuwa wamejipanga na ndoo na mikokoteni. Mashine ya kuchanganya zege ilikuwa inazunguka, na mkokoteni wa kwanza ulikuwa umeanza kupanda njia ya mbao ya kwenda juu.

"Simamisha!" Nakaale akapiga kelele. Mashine ikammeza sauti. Akakimbia, akasimama katikati ya njia hiyo, mikono imetandazwa. Kibarua mwenye mkokoteni akafunga breki kwa visigino, nusura ammwagie zege miguuni.

"Huyu mama ana wazimu?"

Isacko akaja mbio, kofia ya plastiki mkononi. "Salaam aleikum, madam. Kuna nini?"

"Aleikum salaam. Zima mashine, Isacko. Chuma si ya kumi na sita."

Akampa kipimo. Isacko akapanda juu peke yake, akachuchumaa, akapima hapa na pale. Alikaa huko muda mrefu. Aliposhuka hakuonekana kushangaa, na hilo ndilo lililomuuma Nakaale.

"Mimi nilikupigia Jumanne iliyopita," Isacko akasema polepole. "Nikakuambia mkono wangu unaona hii chuma ni nyepesi. Wewe ukaniambia nini?"

Nakaale alikumbuka. Alikuwa na watu watatu mlangoni na simu nyingine sikioni. Alikuwa amesema: kama ni zile zilikuja na lori, ndizo hizo, endelea.

"Nilikuambia uendelee."

"Basi."

"Sasa nakuambia simama."

Isacko akatikisa kichwa. "Dada yangu, wewe unaniambia kwa mdomo. Slabu haisimamishwi kwa mdomo. Hawa watu wameacha mifugo wakuje. Simenti ishafunguliwa. Kesho Kahiga atasema Isacko ameharibu kazi, na mimi nitaonyesha nini? Kwa faili yangu kuna karatasi moja, na hiyo karatasi inasema kumi na sita, imekaguliwa. Imesainiwa na wewe."

Nyuma yake vibarua walianza kunung'unika. Mmoja akapiga ndoo teke. Mashine ilikuwa bado inazunguka, zege likigeuka ndani yake, na kila mtu pale alijua kwamba zege halingoji mtu.

"Lete faili," Nakaale akasema.

Ikaletwa. Akaiweka juu ya boneti ya pikapu, kwa sababu hapakuwa na meza, na boneti ilikuwa ya moto ikamchoma kiganja. Lodio akampa kalamu. Chini ya sahihi yake ya zamani akaandika kwa herufi kubwa: Sikukagua. Nimepima leo, ni kumi na nne. Zege lisimwagwe. Akaandika jina lake lote, akasaini.

Isacko akasoma mara mbili. Simu yake ilikuwa imeisha chaji, akapiga picha kwa simu ya Lodio, akamtumia Kahiga. Kisha akaenda mwenyewe, akazima mashine.

Weh! Kile kimya. Nakaale alingoja matusi, na machache yalikuja kweli. Lakini Isnino aliacha mwiko ndani ya sufuria, akaja akifuta mikono kwenye leso, akaitazama ile dari iliyojaa chuma.

"Binti yangu ameandikiwa kitanda cha huku chini," akasema. Akarudi jikoni, akaanza kugonga sinia. "Kujeni mkule! Mbuzi amekufa tayari, mnataka tumfufue?"

Watu wakaketi, kwanza kwa hasira, halafu kwa njaa. Simu ya Nakaale ikalia.

"Niko na karatasi mbele yangu," Kahiga akasema. "Nakala yangu ile ya kupokea mzigo. Hii sahihi ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Na hii ya leo, kwa hii picha?"

"Hata hiyo ni yangu, bosi."

"Usirudi ofisini," Kahiga akasema, akakata.

Isnino akamwekea sinia mbele. Nakaale akanawa mikono, wino haukutoka wote, akala.