Nani Angempiga Nani

Walikuja kumjulia hali bingwa mstaafu wa ngumi, kumbe wamekuja kubishana juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo. Huyu kijana anayetamba sasa, asiyewahi kupigwa, angemweza mzee enzi zake?

"Angelambishwa sakafu!" aling'aka mdogo wake bingwa.

"Thubutu! Ngumi za siku hizi ni sayansi," jirani fundi viatu akamkatiza.

Mke wa bingwa aliendelea kumlisha mumewe uji. Kengele ya mlangoni aliing'oa kwa mikono yake. Nyumba ile watu hupiga hodi kwa mdomo tu, na shemeji yake alilijua hilo fika.

Lakini ubishi ulimpanda kichwani. Ili asikilizwe, akagonga glasi kwa kijiko. Ting!

Mzee aliinuka kama raundi imeanza, ngumi juu, akimtafuta mpinzani. Bakuli likaruka. Ngumi ya kwanza ikatua begani kwa mkewe, palepale palipovimba tangu juzi.

Mke akamketisha mumewe taratibu, kisha akawageukia.

"Huyo bingwa wenu mpya ana mke?"

"Anaye, shemeji."

"Mleteni hapa. Mtulinganishe sisi."