Mzee Tiii na Buti la Mkurugenzi

Kile kifaa cha mkononi cha kukagulia watu, kinacholia kikikuta chuma, kiliishiwa betri tangu mwaka jana. Mlinzi wa geti la mtambo wa maji ya mji aliomba mpya mpaka akachoka. Wakubwa wimbo wao ulikuwa bajeti, bajeti. Basi akawa anakipitisha tu mwilini mwa watu na kulia mwenyewe kwa mdomo: "Tiii!" Hata wapita njia wakamwita Mzee Tiii.

Wiki ile magaidi walitishia kulipua mitambo ya maji. Mkurugenzi, ambaye buti la gari lake halikuwahi kufunguliwa getini hata siku moja, akawakusanya walinzi.

"Wakaguzi wa serikali wataficha bomu la bandia. Likipita, mlinzi wa zamu kazi hana!"

Mzee Tiii alibakiza miaka miwili astaafu. Nyumbani nani alimngoja? Kiti kitupu cha marehemu mkewe. Watu wake walikuwa hapo getini.

Siku ya tatu, asubuhi, gari la mkurugenzi likapiga honi.

"Piga saluti tufungue, mzee wangu," akanong'ona mlinzi mwenzake, Mama Filimbi. "Usijitafutie makubwa."

Mkono ulishafika kwenye kofia. Ndipo akamkumbuka mkewe, aliyempekua mifuko kila jioni miaka thelathini, hata siku aliyotoka msibani. "Nikiruka siku moja tu," alikuwa akisema huku anacheka, "ndiyo hiyo utakayonificha kitu."

Mzee akashusha mkono.

"Karibu, bosi. Naomba kuona buti."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua, bosi. Tangazo la ukutani umesaini wewe: kila gari likaguliwe." Akapitisha kifaa juu ya buti. "Tiii!"

"Hicho kimelia, au umelia wewe?"

"Mimi, bosi. Chenyewe kinangoja bajeti yako."

Dereva, aliyekula njama na wakaguzi, akafungua huku akiuma midomo asicheke. Kando ya tairi la akiba lilikaa boksi la nyaya, limeandikwa BOMU LA MAJARIBIO. Mama Filimbi aliposoma "Bomu!" kwa sauti, mkurugenzi alitoka garini mbio, kiatu kimoja kikabaki ndani.

Mkaguzi akavuka barabara akipiga makofi. "Mageti manne tumepita kwa magari ya wakubwa. Hili limetushinda! Mzee, kifaa chako ni cha aina gani?"

Kabla mzee hajajibu, mkurugenzi akakohoa.

Betri zilifika kabla ya chai ya saa nne. Mkurugenzi alizileta mwenyewe, akanyoosha mikono akaguliwe. Kifaa kikalia kwenye mkanda wake, na Mzee, kwa mazoea, akalia nacho.