Paneli Juu ya Nyumba ya Zadock

Zadock aliuza fahali wake wa pekee ili alipe nusu ya bei ya paneli ya sola. Nusu ya pili ingelipwa na chama cha wakulima, mradi paneli iwe juu ya paa kabla ya Juni kwisha na mwenye nyumba atie sahihi. Mwezi wa Mei mafuriko ya Ahero yakamchukua Zadock. Fahali amekwenda, mume amekwenda, na Dorca mjane wake hakutaka na taa iende. Akakificha chama kifo hicho, akamwita fundi.

Fundi Hemedi, mtu wa Kisumu mjini, alifika Dorca akiwa shambani kwenye mpunga. Aliporudi, kazi ilikuwa imekwisha, naye akatazama juu ya paa. Siku ya mazishi wazee waling'oa osuri, kile kijiti cha kileleni mwa paa kinachotangaza kwamba mwanamume wa nyumba yu hai. Sasa pale pale palisimama chuma cha paneli.

"Kwa nini umeweka hapo?"

"Mama, shimo ilikuwa tayari. Nimeokoa paa yako isitobolewe tena," Hemedi akasema, kajawa na fahari.

Hasira zilimpanda, lakini angemwambia nini mtu wa mjini? Jioni taa iliwaka nyeupe, nzuri mno. Dorca alipika ugali, akashtuka kuona amepakua sahani mbili. Alimwogopa Zadock, na aliona haya kumwogopa mtu aliyempenda hivyo.

Asubuhi akaketi nje na kuapa kwamba chuma kitashuka, nusu ya chama ipotee ikipotea. Kisha akaenda kisimani, na aliporudi alimkuta karani wa chama, Absalom, mgeni kutoka Maseno, akitoka mlangoni mwa nyumba yake na faili kwapani.

"Iteremsheni," Dorca akamwambia. "Nilitaka kuwadanganya. Mwenye nyumba alikufa Mei."

Absalom akacheka. "Mama, wacha mchezo. Nimepiga hodi, Mzee akanikaribisha. Ameketi hapo chini ya taa. Ametia sahihi tayari."

Akafungua faili. Wino ulikuwa bado mbichi, na ile Z ilikatwa katikati kama Zadock alivyoikata siku zote, hata kwenye cheti chao cha ndoa.

Karani akaaga, akapanda baiskeli. Mlango ulikuwa wazi nusu. Dorca aliogopa kuingia, na aliogopa zaidi kwamba akichelewa hatamkuta.