Kefule ya Nassibu

Nassibu hakuwahi kusifia chakula. Kikiwa kizuri alikula akanyamaza. Kikiwa kibaya aliisukuma sahani kidogo, akasema, "Kefule," kisha akaivuta tena na kukimaliza chote. Mkewe, Bi Tunu, mpishi wa shughuli aliyepikia nusu ya maharusi wa Tabora, alilichukia neno hilo kuliko tusi. Maneno ya kukemea alikuwa nayo tele na hayakumtisha. Ebo ilikuwa ya mtoto aliyemwaga maji, aka ya kukatalia upuuzi, na msonyo ulikuwa wa kuku walioingia jikoni. Kefule ilikuwa kitu kingine. Hakuambiwa mpita njia. Aliambiwa mtu aliyeweza kufanya vizuri zaidi na mwenyewe anajua.

Nassibu alipofariki, watu walimjia Bi Tunu na pole, kisha wakamjia na sifa. Kila alichopika kilikuwa kitamu. Kitamu mno, Bi Tunu, mikono yako ni ileile. Lakini simu za shughuli zikakoma. Kwa kina Sadiki, mtaa wa pili, walimwoza binti, naye akaisikilizia ngoma uani kwake, masufuria yake makubwa yamefunikwa kifudifudi. Hakuna aliyemwambia kwa nini. Ndiyo adabu ya mjini kwetu hiyo: unaachwa kwa maneno ya asali, ukae ulitafute kosa lako mwenyewe.

Alikuwa analishuku. Tangu msiba, chai aliiona kama maji ya moto tu. Siku moja akapika wali, akautia chumvi konzi nzima kwa makusudi, akampelekea Shamimu, jirani wa ukuta mmoja. Sahani ikarudi imeoshwa. Shamimu akasema wali ulikuwa mtamu, Mungu amzidishie.

Bi Tunu alifunga mlango akaketi kitandani. Marehemu ndiye asiyesemwa vibaya, na yeye alikuwa bado anapumua.

Alibaki mtu mmoja wa kumwendea. Batuli, dada wa Nassibu, aliishi Bukene, na hawakuwa wanasemezana. Siku ya arobaini ya marehemu Batuli alionja pilau ya Bi Tunu mbele ya wageni, akasema neno lilelile la kaka yake. Bi Tunu alimnunia, hakumuaga hata kwa mkono. Sasa akapika pilau nyingine, akaitia kwenye hotipoti, akapanda treni ya Mwanza. Njia nzima aliipakata mapajani. Kama ulimi wake ulikuwa umekufa, alitaka aambiwe, ajue la kufanya na masufuria yake.

"Shikamoo, wifi," alisema mlangoni.

"Marahaba," Batuli alijibu, akamtandikia mkeka kana kwamba walionana jana.

Batuli alikuwa amezeeka ghafla. Nyumba yake nayo ilikuwa kimya. Alipakua, akala tonge moja, akatafuna taratibu. Bi Tunu alimkodolea macho.

"Tamu, wifi yangu," Batuli akasema. "Tamu sana."

Kama hata huyu amejifunza huruma, basi yamekwisha.

"Wifi, usinihurumie," alisema. "Nimekuja kulifuata neno lenu."

Batuli aliiweka sahani chini.

"Zamani nilikuwa nalisema kwa raha," alisema. "Nilijua ukifika kwako utanisengenya kwa kaka, na kaka atakwambia mpuuze huyo, mtacheka mtalala. Arobaini nikalisema kwa mazoea, nikakuona ulivyoninunia. Nikilisema leo utakwenda nalo kwenye nyumba tupu. Utamwambia nani?"

Ilikuwa kweli, na ilimuuma Bi Tunu kuliko simu zote zilizokoma. Alivitoa viatu vyake mlangoni, akaviweka ukutani kando ya vile vya Batuli.

"Basi leo siondoki," alisema. "Niambie."

Batuli akala tonge la pili.

"Kefule, Tunu," akasema. "Chumvi tupu, na karafuu umesahau."

Bi Tunu alilia kwa sauti, kilio ambacho hata siku ya mazishi hakikumtoka. Batuli hakumbembeleza. Aliivuta sahani, akaila pilau yote.