Kichwa cha Mama Terry

Mimi ni kinyozi hapa Nyalenda, na kinyozi asiyeongea atanyoa nzi. Mchana kutwa wateja huniletea umbea, jioni naupeleka nyumbani kwa mke wangu, Beldina. Hiyo ndiyo ilikuwa raha yetu, hadi kichwa kilipoanza kumuuma.

Kilimuuma kila jioni, hapa juu ya macho, mara tu nikishaketi. Asubuhi kibandani kwake, mzima. Jumapili kanisani, mzima. Akawaza, mshtakiwa akapatikana.

"Baba Terry, ni hiyo sauti yako," aliniambia. "Ukiingia tu, kichwa inaanza kugonga. Nyamaza, ama niende kwa mama huko Bondo nipumzike."

Niliumia, sikufichi. Lakini nilimpenda kuliko nilivyopenda kusikika, nikafunga mdomo. Kila jioni yeye alichagua mchele wa Ahero wa kupika usiku huo, mimi nikameza habari tamu tamu bila hata maji ya kusukumia.

Kichwa kikazidi. Beldina akaanza kukunja nguo za safari. "Sasa hata kupumua kwako nasikia," akasema.

Ndipo nikauma jiwe kwenye wali. Kesho yake nikauma lingine. Beldina, ambaye wali wake haukuwahi kumtisha mtu jino! Kuuliza sikuruhusiwa, basi nikabaki kumtazama. Sinia la mchele alilishika mbali, mikono imenyooka, shingo kairudisha nyuma, uso kaukunja.

Asubuhi nikampeleka mjini kwa daktari wa macho, mama mmoja aitwaye Mwihaki. Akampima.

"Mama, macho yako hayaoni tena vizuri vitu vya karibu," alisema. "Ukichagua mchele yanajikaza mpaka yanachoka, ndiyo kichwa kinauma. Utavaa miwani."

"Kwa hivyo si huyu mzee?" Beldina akauliza.

Daktari akanitazama vizuri. "Si mzee."

Jioni hiyo Beldina alichagua mchele wote akiwa amevaa miwani yake, akainjika sufuria. Hakushika kichwa hata mara moja. Mimi kimya, kwani mazoea yana taabu.

"Baba Terry, mbona umenuna? Ongea!"

"Na kichwa?"

"Wuololo! Ongea, bwana. Nimemiss stori zako."

Nikaanza na mteja wangu Opondo, aliyemwona mama mkwe wake akipita, akatoroka dukani kwangu nusu ya kichwa haijanyolewa. Wali uliiva, tukala, tukakwangua ukoko, na Opondo bado alikuwa anakimbia.