Mali ya Mjane Haina Dhariba

Mume wangu Suud alipofariki aliacha bunduki moja. Ya kale, ya kutia risasi moja moja, mtutu mrefu umefungwa pete saba za fedha. Ya nane ilidondoka zamani, pahala pake pamebaki alama. Alikuwa akiitia begani siku za Idi na za harusi, basi. Rukhsa ya kuwa nayo ilikuwa kwa jina lake, naye keshakwenda kwa Mola wake. Tangu siku ya tatu ya msiba moyo wangu haukutulia na kile chuma kabatini.

Nilikuwa eda. Miezi minne na siku kumi sitoki, wala sikai uso kwa uso na mwanamume asiyekuwa maharimu wangu. Binti yangu Shatha anafanya kazi Firq, ofisi ya gereji, huondoka asubuhi akarudi alasiri. Basi Mahrous alipokuja alinikuta peke yangu. Mahrous ana duka la majambia na bunduki za kale hapa Nizwa, Omani, na yeye na marehemu walijuana tangu ujana wao. Nikamwekea sinia ya kahawa, nikaurudisha mlango nusu, nikakaa nyuma ya pazia.

"Bi Mwanamize, usikae na bunduki ya maiti," akasema. "Polisi wakiikuta, utasema nini? Nipe nikuuzie Ijumaa, mnadani sokoni."

"Chukua, Mahrous. Iondoke tu."

"Lakini nikiiuza kama bidhaa ya duka langu, sharti niitoze dhariba, kodi ya serikali, tano kwa kila mia, na wanunuzi wa siku hizi wakisikia dhariba hukimbia. Ikiuzwa kwa jina lako, mtu binafsi anauza kilicho chake, haina dhariba. Halali kabisa. Muulize umtakaye."

Na hilo lilikuwa kweli. Ndilo lililonipoteza, kuwa alianza na la kweli.

Akasukuma sinia chini ya pazia. Juu yake, karatasi za mauzo na kalamu. Mimi nilisoma Tabora mpaka darasa la sita, Kiarabu changu ni cha Qurani na cha dukani, karatasi za kiserikali zinanishinda. Ya juu niliona imeandikwa jina la Suud na nambari ya bunduki. Zilizokuwa chini yake zilikuwa na maneno yale yale, lakini pa nambari palikuwa patupu.

"Hizi nyingine za nini?"

"Ikiharibika moja nisije tena kukusumbua katika eda yako. Tia sahihi zote, ummi, Mungu akulipe."

Kama angekuwa mbele yangu ningemtazama machoni. Lakini nilikuwa naona vidole vya miguu yake tu, chini ya pazia. Na niliona haya kubishana na sauti ya mwanamume nami nimo katika eda. Nikasema bismillahi, nikatia sahihi. Karatasi tano. Nilizihesabu. Sinia ilikuwa imemwagikiwa kahawa, ikazirowesha pembeni zote tano, doa la duara kama kitako cha kikombe.

Ijumaa ile ile aliniletea fedha za bunduki, nikazitoa sadaka kwa ajili ya Suud. Nikashukuru.

Eda ikaisha. Nikaoga, nikavaa nguo ya rangi kwa mara ya kwanza, na siku ya pili yake mlango ukagongwa. Alikuwa mtu wa makamo wa Al Qabil, jina lake Aws, watu wake wa Burundi.

"Shikamoo mama. Wewe ndiye Bi Mwanamize, mke wa marehemu Suud?"

"Marahaba. Ndiye."

"Mama, umeniuzia bunduki gani hii?"

Nikacheka, nikidhani amekosea nyumba. Hakucheka. Akanionyesha karatasi. Jina langu, sahihi yangu, na pembeni doa la kahawa. Nambari iliyojazwa si ya bunduki yetu.

"Nimekwenda kuiandikisha," akasema, "polisi wameizuia. Nambari haimo popote. Wameniuliza nani kakuuzia, nikawapa jina lako. Sikuwa na jina jingine, mama, nisamehe."

Nikashika mwimo wa mlango.

"Na wewe kwa nini hukununua dukani, ukapewa risiti?"

"Dukani ilikuwa riali mia sita, na dhariba thelathini. Mahrous akanambia, iko hii ya mjane, mtu binafsi, haina dhariba." Akajipiga paji la uso. "Kwa riali thelathini nimejitia motoni."

"Umenitia na mimi," nikamwambia.

Akaniachia nakala, akaenda zake. Nikakaa chini pale pale mlangoni. Karatasi tano. Moja bunduki yetu, moja ya Aws. Na zile tatu? Bunduki ngapi zinatembea na jina langu, mikononi mwa nani? Mtu akipigwa risasi Ibra au Sur, wataandika nani kauza? Mwanamke wa miaka sitini na mbili ambaye hajapata kushika bunduki ila kuipangusa vumbi.

Shatha aliporudi nikamweleza. Akaisoma nakala mara mbili.

"Mama, twende polisi sasa hivi."

"Nikasema nini? Sahihi ni yangu. Nataka kwanza nizione karatasi zangu. Kesho Ijumaa."

"Yule atakuchezea, mama. Wewe humjui."

"Vidole vyake navijua," nikasema. Shatha akacheka kidogo, nami nikacheka, lakini usingizi haukunijia.

Asubuhi tukaenda sokoni. Mbuzi walikuwa wakizungushwa wakinadiwa, harufu yao na vumbi, watu wamejaa. Mbele kidogo, chini ya ukuta, ndipo wanapokaa wa bunduki. Wengine wana maduka, wengine ni watu tu wamekuja na cha nyumbani, na mnadi hupita katikati na bunduki begani akitaja bei. Wanawake hawasimami pale. Nikasimama nyuma ya mwenye kuuza halwa, tasbihi mkononi.

Nikamsikia kabla sijamuona.

"Mali ya mjane! Mali ya mjane, haina dhariba!"

Mahrous mwenyewe, bunduki begani, anazunguka. Pete za fedha zinang'aa. Nikazihesabu. Zilikuwa tano, haikuwa ya Suud. Mfukoni mwa dishdasha, kanzu yake, karatasi imechomoza, na pembeni mwake doa la kahawa.

Mzee mmoja akataja mia nne na hamsini. Mahrous akatia mkono mfukoni. Nikaona ikishatoka ile karatasi, imekwisha, itapotea kama zile nyingine. Miguu ikanipeleka yenyewe mpaka katikati ya duara.

"Mjane ni mimi," nikasema kwa Kiarabu changu cha dukani. "Jina hilo ni langu. Bunduki yetu ilikuwa moja, na ilishauzwa. Hii siijui."

Watu wakageuka wakanitazama. Mahrous akatabasamu mbele ya watu, kisha akaniinamia, akasema kwa Kiswahili, taratibu:

"Ummi, jua limekupiga. Usinifedheheshe. Nani kaumia? Watu wamepunguziwa dhariba tu."

"Nipe karatasi zangu."

"Ukisema neno jingine, ni sahihi yako, si yangu. Wewe ndiye utakayefungwa."

Nilijua hivyo. Lakini mara hii nilikuwa namtazama usoni, na niliona midomo yake imekauka.

"Basi nifungwe nazo mkononi," nikasema. "Nipe."

Yule mzee aliyetaja bei akarudi nyuma hatua moja. "Mpe mama karatasi yake," akasema. Mwingine naye akasema vile vile. Mahrous akatoa ya mfukoni. Shatha akanyosha kidole kwenye kisanduku cha Mahrous cha fedha, naye akatoa humo nyingine, pa nambari bado patupu.

Nikazishika. Ya Suud iliuzwa kwa haki. Ya Aws nina nakala yake. Hizi mbili. Nne.

"Ya tano, Mahrous?"

"Imeshauzwa."

"Nani kaichukua?"

"Mpita njia. Alilipa taslimu." Akafunga kisanduku. "Sikumuuliza jina."

Tukatoka sokoni moja kwa moja mpaka polisi. Niliyasema yote, na kosa langu pia, kuwa nilitia sahihi mahali patupu. Afisa alikuwa mpole. Aliandika kurasa tatu, akachukua karatasi, akaniambia nirudi nyumbani, nisisafiri, nikiitwa nije. Wakatumwa watu wamchukue Mahrous siku ile ile. Ya tano hawajaipata.

Sasa huu ni mwezi wa pili. Juzi baada ya alasiri jirani zetu walikuwa na harusi, wanaume wakapiga bunduki hewani kwa furaha. Shatha alikuwa anakata vitunguu.

"Harusi tu, mama."

"Najua."

Hata hivyo nilihesabu milio mpaka ikakoma, nikabaki nasikiliza. Pazia la mlangoni nimeliondoa. Akija mtu, nataka nimwone uso.